Mshale Mmoja Haukutosha

Kwa miaka mingi sisi tunaopenda magari ya kasi tuliusoma moto wa injini kwa mshale mmoja kwenye dashibodi. Ukikaa katikati, twende. Ukipanda kwenye wekundu, gari linachemsha, liegeshe. Mshale ule ulisema kweli, lakini ulitoa habari za maji yanayozunguka injini tu. Kuhusu hewa inayoingia silindani haukuwa na neno. Katika injini ya kawaida upungufu huo hauumizi sana, kwa kuwa hewa huingia ikiwa na joto linalokaribiana na la nje. Katika injini ya supachaja, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini na kushindilia hewa kwa nguvu, upungufu huo ulificha nusu ya mambo. Nikitazama nyuma, badiliko kubwa nililoliona katika ulimwengu huu ni jinsi macho ya watu yalivyohama kutoka kwenye presha kwenda kwenye joto. Nami nashikilia kwamba nguvu halisi ya gari la namna hii ni ile linayobaki nayo likishapata moto, wala si ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mauzo.

Hesabu yenyewe haina fumbo. Chukua hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi, uishindilie mpaka presha yake iwe mara 1.8 ya ile ya nje. Hata mashine ingekuwa kamilifu, hewa ingetoka na nyuzi 82 hivi. Mashine yenye ufanisi wa asilimia 60 itaitoa ikiwa karibu na nyuzi 119. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo dereva anayeona presha mara 1.8 kwenye geji hudhani amepata hewa mara 1.8, kumbe amepata kama mara 1.38. Ipoze hewa hiyo hiyo hadi nyuzi 50 bila kupoteza presha, naye atapata mara 1.67. Na hasara haiishii hapo. Hewa iliyoingia ikiwa moto hufanya mchanganyiko wa petroli ujiwashe kabla mwali wa plagi haujaufikia. Injini inagonga, na kugonga huko hutoboa pistoni. Kompyuta ya injini, ili kuinusuru, huchelewesha cheche, na cheche ikichelewa nguvu hupungua huku moshi ukitoka na joto zaidi. Mshale wa maji waweza kuwa umetulia palepale katikati wakati haya yote yanatokea.

Wahandisi waliijua shida hii zamani, ila waliilipia kwa njia tofauti. Alfa Romeo 159 iliyoshindana mwaka 1951 ilikuwa na injini ndogo ya lita 1.5 na supachaja za hatua mbili, ikitoa zaidi ya nguvu farasi 400. Hewa yake ilipozwa kwa kiasi kikubwa na mafuta yenyewe: ilikunywa alkoholi nyingi kuliko iliyohitajika kuungua, kwa sababu alkoholi inapogeuka mvuke hunyonya joto jingi. Bei yake ilikuwa zaidi ya lita moja na nusu kwa kila kilomita. Huko Silverstone, Julai mwaka huo, Froilán González aliishinda akiwa na Ferrari ya lita 4.5 isiyo na supachaja kabisa, ambayo haikuwa na kiu ya namna hiyo. Sisemi kwamba joto peke yake liliiangusha Alfa, lakini gharama ya kulizuia joto ilionekana pale kwa macho.

Njia iliyokuja kushinda ilitoka kwenye ndege. Rolls-Royce, walipoipa injini yao ya Merlin supachaja ya hatua mbili kwa ajili ya Spitfire Mark IX, iliyoingia vitani mwaka 1942, waliweka kipoza hewa chenye maji yake, pampu yake na rejeta yake, mbali na maji ya injini. Wazo hilo la mizunguko miwili ya maji ndilo lililomo leo ndani ya karibu kila gari la kasi la supachaja lililotoka kiwandani. Ford waliliweka kwenye Mustang SVT Cobra ya 2003, na Mercedes kwenye E55 AMG ya wakati huohuo. Hewa hupita kwenye kipoza kilichojaa maji, maji hubeba joto hadi rejeta ndogo mbele ya gari.

Hapa ndipo fikra za wengi wetu zilipochelewa. Maji yale ya mzunguko wa pili tuliyatazama kama kitu kinachopoza, bila kuuliza yanapoza kwa muda gani. Ukweli ni kwamba maji ni akiba. Unapokanyaga mafuta kwa sekunde kumi, yanalimeza joto vizuri. Ukikanyaga kwa dakika kumi, akiba imekwisha, na tangu hapo gari linaishi kwa kile tu ambacho rejeta inaweza kukitupa nje. Biashara kubwa ya miaka ile ilikuwa kufunga puli ndogo ili supachaja izunguke kasi zaidi na presha ipande. Presha ilipanda kweli, lakini joto lilipanda nalo, na baada ya kukimbia mara mbili tatu mfululizo nguvu iliyoongezwa ilikuwa imeliwa na cheche iliyocheleweshwa.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni thamostati inayofunguka mapema, nyuzi 71 badala ya 82. Hoja hiyo ina haki yake kwa mbio fupi, kwani injini huanza ikiwa baridi kidogo. Lakini thamostati huamua maji yaanze lini kwenda kwenye rejeta. Haiongezi uwezo wa rejeta hata chembe. Injini ikishapita nyuzi 95, thamostati zote mbili ziko wazi na hakuna tofauti tena. Kinacholitoa joto ni pengo kati ya maji na hewa ya nje. Siku ya nyuzi 30, maji ya injini yenye nyuzi 100 yana pengo la 70, na maji ya kipoza hewa yenye nyuzi 50 yana pengo la 20. Peleka gari hilo Muscat au Dubai kiangazi, nje nyuzi 45: pengo la injini linashuka hadi 55, la kipoza hewa hadi 5. Injini imepoteza kama moja ya tano ya uwezo wake wa kujipoza, kipoza hewa robo tatu. Magari haya yanapendwa mno huko Ghuba, na ndiko mshale mmoja unakodanganya kuliko kwingine kote.

Tena mizunguko miwili hii hugombana. Rejeta ya kipoza hewa kwa kawaida hukaa mbele ya rejeta ya injini, kwa hiyo kadiri inavyofanya kazi vizuri ndivyo inavyoipelekea injini hewa ya moto. Corvette Z06 ya 2015 ilifundisha jambo hili hadharani. Supachaja yake ya lita 1.7 ilizunguka hadi kama mizunguko 20,000 kwa dakika ili kutoa nguvu farasi 650, na kwenye viwanja vya mbio ikajulikana kwa kuchemsha. Toleo la 2017 likaja na boneti yenye tundu kubwa zaidi la kutolea joto. ZR1 ya 2019 ilikwenda mbali zaidi: supachaja ya lita 2.6 inayozunguka polepole kuliko ile ndogo, na rejeta 13 kwa jumla. Kwangu uamuzi wa kuikuza supachaja una uzito kuliko idadi ya rejeta, kwa sababu joto ambalo halikuzalishwa halihitaji kutupwa popote.

Dodge Challenger SRT Demon ya 2018 ilichukua njia nyingine, ikaigeuza gesi ya kiyoyozi kutoka kuwapoza abiria ikayapoza maji ya supachaja, na baada ya injini kuzimwa pampu na feni ziliendelea kufanya kazi. Hii ndiyo njia inayovuka kizuizi cha joto la nje, maana rejeta peke yake haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa inayoipuliza. Mpinzani atasema kompresa ya kiyoyozi nayo hula nguvu ya injini. Ni kweli, ila ubaridi unaweza kuwekwa akiba kabla ya mbio kuanza, na gari lile liliundwa kwa robo maili, chini ya sekunde kumi. Kwa anayezunguka uwanjani nusu saa sioni kama njia hiyo inamfaa, kwani joto lililonyonywa na kiyoyozi lazima lipitie kondensa iliyosongamana mbele pamoja na rejeta nyingine, na akiba haipati nafasi ya kujaa tena. Huyo anahitaji supachaja kubwa isiyohangaika, na njia pana ya hewa kuingia na kutoka. Na anapokwenda kununua, aulize hewa inaingia silindani na nyuzi ngapi baada ya dakika 20 za kukimbizwa siku ya jua kali. Watengenezaji wanaijua namba hiyo, kwa kuwa sensa yake imo ndani ya kila gari wanalouza.