Ukipoteza kazi ughaibuni, usipoteze na haki yako

Habari tunazotuma nyumbani kutoka Marekani huwa ni za kuchagua. Mtoto akihitimu, picha zinafika Tabora siku hiyohiyo. Gari, nyumba, cheti cha uraia, vyote vinapata hongera. Lakini mtu akiachishwa kazi, ulimi unakuwa mzito. Fedha za kila mwezi zinaendelea kutumwa kwa kukopa, ada ya mdogo wetu inalipwa kwa kadi ya benki, na wazazi wakiuliza habari za kazini wanajibiwa kwamba tunamshukuru Mungu. Ukimya huo una gharama mbili. Ya kwanza tunaijua, ni madeni. Ya pili ni kubwa zaidi: anayeficha kwamba hana kazi haulizi, na asiyeuliza haambiwi kwamba kuna mafao aliyokwisha kuyatolea jasho, wala kwamba siku za kuyadai zimeshaanza kuhesabiwa.

Mafao ya ukosefu wa ajira ya Marekani yalizaliwa katika Mdororo Mkuu, pale mamilioni ya watu walipokaa bila kazi mwaka baada ya mwaka. Jimbo la Wisconsin lilitangulia kutunga sheria yake mwaka 1932. Tarehe 14 Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt akatia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyopiganiwa na Frances Perkins, waziri wa kazi na mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Sheria ile iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na kwa hiyo iliwaacha nje Wamarekani weusi wengi. Hata hivyo msingi wake umedumu. Serikali kuu huweka masharti, kila jimbo huendesha mfuko wake, na fedha hutoka katika kodi anayolipa mwajiri juu ya mishahara ya watu wake. Ni majimbo machache tu, yakiwemo New Jersey na Pennsylvania, yanayomkata na mfanyakazi mwenyewe. Mwenzetu anayebeba boksi ghalani, anayewahudumia wazee usiku kucha au anayekata kuku kiwandani amekuwa akichangiwa kwa ajili ya siku ambayo kazi itakatika. Anachodai ni chake.

Najua kwa nini wengi wetu hatudai. Tumelelewa kwamba mtu mzima hujitegemea, na kwamba aliyevuka bahari ndiye wa kutoa, si wa kupokea. Juu ya malezi hayo kuna hofu ya uhamiaji. Kwenye vibaraza vya misikiti na baada ya ibada makanisani utasikia kwamba ukichukua senti moja ya serikali, uraia umeuaga. Kwa mafao haya, uvumi huo umewapotosha wengi. Kanuni ya uhamiaji ya mwaka 2022 kuhusu watu wanaohesabiwa kuwa mzigo kwa serikali haiyagusi mafao ya ukosefu wa ajira, kwa kuwa yanatokana na kazi ya mtu. Sharti lenyewe liko kwingine: uwe ulikuwa na kibali halali wakati ulipofanya kazi, na uwe nacho wakati unapodai. Kanuni za uhamiaji hubadilika, kwa hiyo mwenye shaka amwone mwanasheria. Ofisi za msaada wa kisheria bila malipo ziko katika kila jimbo.

Dai hufunguliwa katika jimbo ulikofanyia kazi, hata kama umeshahamia kwingine. Kwa kawaida ofisi huutazama mshahara wa robo nne za kwanza kati ya robo tano za mwaka zilizokamilika kabla hujadai, ndiyo maana aliyeanza kazi majuzi tu anaweza kuambiwa hajafikisha kiwango. Majimbo mengi hulipa hadi wiki 26. Mengine, kama Florida, huishia mapema zaidi. Na kila wiki, au kila wiki mbili, sharti ujibu maswali yaleyale: ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi, ulikuwa tayari kuifanya, uliitafuta, ulipata kipato chochote? Asiyejibu hapati malipo ya wiki hiyo.

Sisi tunakwama mapema kuliko wengine, mara nyingi kwenye jina. Mtu ana majina matatu; mwajiri aliandika mawili, hifadhi ya jamii iliandika matatu kwa mpangilio mwingine, na leseni ya udereva ina lake. Wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku yao ya kuzaliwa, na sasa wanatakiwa kuthibitisha kwamba wao ndio wao. Kompyuta inalifunga dai na kuandika: piga simu.

Hapo ndipo saburi ya mtu inapopimwa. Sauti ya mashine inakutaka ubonyeze moja, ubonyeze nne, inakwambia wahudumu wote wana watu, halafu laini inakatika. Anayejua Kiingereza cha kazini tu hushindwa kabla ya kufikia binadamu. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, hata wenyeji waliyaonja haya. Katika wiki iliyoishia tarehe 28 Machi madai mapya yalizidi milioni 6 nchi nzima, na mwezi Juni watu wa Kentucky walipanga foleni kwa saa nyingi mjini Frankfort, nje ya majengo ya serikali, ili waonane na mtu uso kwa uso. Janga lilipita, lakini simu ngumu zimebaki.

Wanaofanikiwa kuipata ofisi hupiga dakika inapofunguliwa, na huikwepa Jumatatu. Huwa na namba ya dai, hati za mshahara na barua ya kuachishwa mkononi. Huandika tarehe, saa, jina la mhudumu na alichosema. Simu ikishindikana kabisa, huenda kwa mbunge wao wa bunge la jimbo. Huku ofisi ya mbunge ina wafanyakazi ambao kazi yao ni kuwasaidia wakazi waliokwama kwenye idara za serikali, na mkazi asiye raia naye ni mkazi. Sisi tuliozoea kumfuata mwenyekiti wa mtaa au diwani tunapozungushwa tusione haya kufanya hivyo ugenini.

Lakini jambo la kushika kuliko yote ni hili: usiruhusu simu ikucheleweshe kuandika. Dai likikataliwa, barua ya kukataliwa ina tarehe, na muda wa rufaa huhesabiwa kuanzia siku barua hiyo ilipotumwa, si siku ulipoifungua. Texas ni siku 14. Ohio ni 21. California ni 30. Anayesubiri kwanza aongee na mtu anaweza kuishiwa na siku hizo akiwa bado kwenye foleni ya simu. Rufaa haihitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Jina, namba ya dai, tarehe ya uamuzi, na sentensi moja kwamba hukubaliani na unaomba shauri lisikilizwe, vinatosha kuifungua. Nakala ya ulichotuma ibaki kwako. Na wakati rufaa inasubiri, endelea kujibu yale maswali ya kila wiki, hata kama hulipwi kitu, maana ukishinda utalipwa kwa wiki ulizozidai tu.

Haki ya kusikilizwa imeandikwa ndani ya sheria ileile ya 1935. Mashauri mengi siku hizi husikilizwa kwa simu, kwa kiapo, na mwajiri naye huitwa. Akidai alikufukuza kwa utovu wa nidhamu, ni juu yake kuthibitisha. Kama wewe ndiwe uliyeondoka, ni juu yako kueleza sababu ya msingi. Na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza idara zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake. Juu ya sheria hiyo imejengwa haki ya kupata mkalimani. Amri ya rais ya Machi 2025 iliyokifanya Kiingereza lugha rasmi haikuifuta sheria hiyo ya 1964.

Namfahamu dada mmoja kutoka Uvira. Ujana wake aliumalizia katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha akaletwa Marekani na kupata kazi kwenye kiwanda cha nyama. Mkono ulipoanza kufa ganzi, msimamizi alimwambia akapumzike nyumbani, atapigiwa. Hakupigiwa. Alipodai mafao, mwajiri alijibu kwamba mwanamke yule aliacha kazi mwenyewe, na ofisi ikamnyima. Barua ilikuja kwa Kiingereza, akaihifadhi pamoja na makaratasi ya shule ya watoto. Jirani yake Mkenya ndiye aliyeiona, akaisoma tarehe, na rufaa ikaandikwa usiku uleule. Waliomba mkalimani wa Kiswahili, na siku ya shauri alikuwepo. Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani na cha haraka. Dada akasema kwa utulivu kwamba swali hajalielewa, lirudiwe, na likarudiwa. Katika simu yake alikuwa na kumbukumbu za kila mara alipompigia msimamizi. Mwajiri alimtuma karani ambaye siku ya tukio hakuwepo kazini. Uamuzi ulipokuja, ule wa kwanza ulikuwa umetenguliwa. Dada yule aliniambia kwamba hakuwahi katika maisha yake kuona mtu wa serikali akimsikiliza yeye na bosi wake kwa uzito uleule.

Hicho ndicho ninachokithamini katika makazi haya ya pili, na sikithamini kwa upofu. Mfumo huu huumiza. Katika jimbo la Michigan, kati ya Oktoba 2013 na Agosti 2015, programu ya kompyuta iliwatuhumu kwa udanganyifu watu wapatao 40,000 ambao hawakuwa na hatia. Waliamriwa kurudisha fedha pamoja na faini kubwa, wengine wakakatwa mishahara. Hawakukaa kimya, walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 jimbo likakubali kuwalipa dola milioni 20. Mashine ilikosea, na haki ya kuipinga ndiyo iliyowarudishia jina lao.

Mfumo huu pia hauijui nyumbani kwetu. Mzazi akifariki Tanga au Kisumu, nawe uko kwenye mafao, utasafiri kuzika kama ilivyo wajibu. Lakini wiki uliyokuwa msibani hukuwa tayari kuripoti kazini, na swali likiulizwa jibu la kweli ni hapana. Wiki hiyo hailipwi. Nawasihi wenzangu: tusimpe binamu neno la siri ajibu kwa niaba yetu. Jibu la uongo hugeuka deni na kesi, na kesi ya udanganyifu humfuata mtu mpaka kwenye faili la uhamiaji. Toa taarifa, nenda kazike, rudi, ufungue dai upya. Inauma kwamba machozi ya mwana hayana nafasi kwenye fomu, lakini ukweli unalinda kilichobaki.

Nikiyatazama makazi yangu ya kwanza, nayo yana haki zake zisizotangazwa vya kutosha. Tanzania, tangu mabadiliko ya sheria za mifuko ya hifadhi ya jamii mwaka 2018, mwanachama aliyechangia walau miezi 18 na akaachishwa kazi bila hiari yake anastahili fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyefukuzwa isivyo haki ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na huko nako siku hizo humpita mtu akiwa bado anambembeleza bosi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa anayepunguzwa kazini malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Lakini mama lishe wa Buguruni, bodaboda wa Mbagala na dada wa kazi asiye na mkataba hawamo. Mfuko wao ni ndugu.

Na ndugu ni mfuko mkubwa. Hauulizi robo ya mwaka, hautaki namba ya siri, hufungua mlango usiku wa manane. Umewatunza wengi wetu kabla hatujapata hati ya kusafiria. Lakini ndugu akisema hana, huwezi kumkatia rufaa. Anayeishi kwa huruma ya jamaa hujifunza kunyamaza, na ukimya huohuo tunausafirisha mpaka Minnesota na Texas, tukidhani kila kinachotolewa ni fadhila. Kwa hiyo nayataka yote mawili: nyumbani, sheria zimfikie asiye na mkataba, awe na kitu cha kudai bila kupiga magoti; na ughaibuni, mtu asiachwe peke yake na barua na simu.

Hili la pili liko ndani ya uwezo wetu sasa hivi. Jumuiya zetu zina kamati za misiba zinazoweza kukusanya maelfu ya dola na kusafirisha maiti hadi Mwanza au Bukavu, kazi yenye vibali na simu za kila namna. Tunajua kuzunguka ofisi pale ndugu anapokuwa amekufa. Tumzungukie angali hai. Kila chama kiwe na mtu anayejua siku za rufaa za jimbo lake, anayeweza kusoma barua, kuomba mkalimani, na kukaa na mwenzake laini inapolia bila kupokelewa. Tumchague katika mkutano ujao, tumlipie nauli na muda wake, na namba yake iwe kwenye simu ya kila mwanachama kabla mwajiri hajaanza kupunguza watu.