Fomu Namba 5

Nilikuwa karani wa mahakama za mwanzo Handeni na Korogwe hadi nilipostaafu, na majalada yaliyoninyima usingizi ni ya mirathi. Marehemu wa huku kwetu huacha shamba la mahindi, ng'ombe wachache, nyumba ya bati. Aliyetumika kwenye mkonge huacha na mafao. Mali yenyewe ndogo, lakini ndugu wa tumbo moja hufika mahali hawasalimiani.

Mwanzo huwa mwema. Ukoo hukaa kikao na kuandika muhtasari, aliyependekezwa huja na cheti cha kifo, tangazo hubandikwa ubaoni. Asipotokea wa kupinga, hakimu humteua kuwa msimamizi wa mirathi kwa Fomu Namba 4. Kuanzia hapo wapo wanaojiona wamepewa mali, kumbe wamekabidhiwa amana.

Namkumbuka binti mmoja wa Kizigua aliyeingia masijala na bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mzee. Baba mdogo anauza ng'ombe wa marehemu baba. Anasema mahakama imempa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikafungua jalada. Kanuni za mirathi za mwaka 1971 zinampa msimamizi miezi minne kuwasilisha Fomu Namba 5, yaani orodha ya mali na madeni, kisha hesabu kwa Fomu Namba 6. Muda ulikwishapita, na baada ya karatasi ya uteuzi hapakuwa na kitu. Nikamwelekeza amwandikie hakimu barua.

Baba mdogo akaitwa. Akasema fedha zimeishia kwenye matanga na madeni ya marehemu. Hakimu akamtaka aonyeshe stakabadhi. Hakuwa na hata moja. Uteuzi ukatenguliwa, akateuliwa binti. Orodha yake naiona hadi leo: kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake, jembe la kukokotwa, hata deni la dawa za mifugo dukani. Siku ya mgawo warithi wote walitia saini au dole gumba, jalada likafungwa.

Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa kwa wenye haki na kutoa hesabu. Akitumia mali ya yatima kwa shida zake amevunja sheria, hata kama ukoo mzima ulimchagua.

Nawe uliyefiwa, usione haya. Nenda na namba ya shauri kwenye mahakama iliyofungua mirathi, uulize kama Fomu Namba 5 imeletwa. Kuuliza ni haki yako.