Kiraka, Upatanisho wa Kisarufi na Lugha ya Mashine

Neno kiraka liliingia katika istilahi za kompyuta bila kulazimishwa. Fundi cherehani haishoni nguo upya kwa sababu ya tundu moja. Hukata kitambaa kinachotosha akakipachika. Vivyo hivyo, kiraka cha programu ni faili ndogo inayobeba tofauti tu baina ya toleo alilo nalo mtumiaji na toleo jipya. Katika makala haya ningependa kudokeza kwamba waundaji wa viraka hivyo hukabiliwa na swali ambalo sisi wanaisimu tumelizoea: tofauti inayoonekana ni ipi, na badiliko lenyewe ni lipi?

Swali hili linanigusa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishughulikia programu ndogo ya kuchanganua vitenzi vya Kiswahili, inayotumiwa na wanafunzi wangu wa uzamili. Wengi wao ni walimu walio mbali na chuo, nao hununua bando la intaneti kwa fedha zao wenyewe. Kila usiku kompyuta huiunda programu hiyo upya, bila kusimamiwa na mtu, kutokana na masahihisho ya siku hiyo. Asiyemudu kuipakua yote hubaki na toleo la zamani. Matokeo yake, tasnifu mbili zilizotumia data moja huweza kutoa hesabu mbili za viambishi. Hapo gharama ya kupakua imekwisha kuwa suala la uthabiti wa utafiti.

Kulinganisha mifuatano ya alama si jambo geni kwetu. Kipimo alichokitoa Vladimir Levenshtein mwaka 1965, ambacho huhesabu alama zilizoongezwa, zilizofutwa na zilizobadilishwa, kimetumiwa pia na wanalahaja kupima umbali baina ya lahaja. Mwaka 1976 James Hunt na Douglas McIlroy walieleza programu ya diff, inayolinganisha mafaili mstari kwa mstari. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa programu ya patch, inayopachika tofauti hizo. Zana hizi zinafaa sana kwa maandishi yanayoandikwa na mtu. Kwa mafaili ya lugha ya mashine, hazitoshi.

Sababu yake inaeleweka upesi kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Tuchukue sentensi "Kitabu changu kipya kimepotea" na "Vitabu vyangu vipya vimepotea". Anayelinganisha maumbo ya nje ataona kwamba maneno yote manne yamebadilika. Anayeijua sarufi ataona badiliko moja tu, la umoja kuwa wingi. Mengine yote ni upatanisho. Lugha ya mashine nayo ina upatanisho wake. Amri moja ikiongezwa katikati ya programu, zinazofuata husogea mbele, na kila mahali palipozitaja kwa anwani hapana budi pabadilike. Mstari mmoja uliosahihishwa huacha alama katika maelfu ya baiti.

Mwaka 2003 Colin Percival alitoa bsdiff, programu iliyotumia ukweli kwamba anwani hizo aghalabu husogea kwa kiasi kilekile. Hutafuta sehemu zinazokaribiana, ikatoa baiti za zamani katika mpya. Jawabu huwa na sufuri nyingi, nayo hubanika vizuri. Wahandisi wa Google walikwenda mbali zaidi mwaka 2009 kwa Courgette: waliigeuza programu kuwa amri zenye majina badala ya anwani, wakatuma tofauti za umbo hilo, na kompyuta ya mpokeaji ikazikokotoa anwani yenyewe. Katika mfano wao wa kivinjari cha Chrome, programu nzima ilikuwa baiti 10,385,920. Kiraka cha bsdiff baiti 704,512. Cha Courgette baiti 78,848. Kwa lugha yetu, walituma badiliko la nomino, wakamwachia mpokeaji kazi ya kupatanisha.

Hata hivyo, kanuni hizi hudhoofika ikiwa uundaji wenyewe hauna nidhamu. Mashine inayounda programu kila usiku huweza kupachika ndani yake saa ya kuundwa na majina ya folda, au kuyapanga mafaili bila utaratibu maalumu. Msimbo uleule hutoa mafaili mawili tofauti, nacho kiraka hubeba tofauti zisizo na maana yoyote, mithili ya vibadala huru katika fonolojia. Tangu mwaka 2013 wanamradi wa Debian wamejitahidi kuziondoa kasoro hizo, kwa mfano kwa kuchukua tarehe kutoka katika msimbo wenyewe badala ya saa ya mashine.

Ni rai yangu kwamba idara zinazotunza kamusi na programu za lugha zifuate taratibu tatu. Kwanza, uundaji utoe faili ileile kila mara kutokana na msimbo uleule. Pili, kila toleo lililowafikia watumiaji lihifadhiwe, maana kiraka hakikatwi bila kuiona nguo. Tatu, alama ya utambulisho wa faili ihakikiwe kabla ya kupachika na baada yake, kwani kiraka kilichopachikwa kwenye toleo lisilo lake huharibu programu. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mwalimu anayesoma akiwa mbali, gharama ya ukuta huo hutoka mfukoni mwake.