Baba Alikuwa Mama

Siku yangu ya kwanza darasani, mwaka 1986, mwalimu aliniuliza kwa Kiswahili baba yangu anaitwa nani. Nikamtajia jina la mama. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hata wenzangu waliona nimejibu sawasawa. Kwetu Wagusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Mwalimu alikuwa mgeni wa eneo letu. Akarudia swali kwa sauti ya juu, nami nikarudia jina lile lile kwa sauti ya chini, mpaka nikala kiboko cha kiganjani. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba Kiswahili kimeninyang'anya mama.

Nyamira, kwetu, ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kisii. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikuwa na mwaka mmoja tu, na pamoja nao Kiswahili kilikuwa kimefanywa somo la lazima, lenye mtihani wake. Kwa hiyo ilibidi tukijue, na kila mtoto alijitafutia njia. Yangu ilikuwa kukata vichwa vya maneno. Ekegusii ni ndugu wa Kiswahili, lakini maneno yake mengi hutangulizwa vokali: nyumba ni enyomba, ng'ombe ni eng'ombe. Nikawa naondoa e ya mwanzo na kutumaini. Kwa ng'ombe nilifaulu. Kwa mbuzi, ambaye ni embori, nilipata mbori, na hakuna aliyenielewa. Mwalimu akisema "enda", mimi nilishika tumbo, kwani enda kwetu ni tumbo.

Kiswahili kingine tulikipata sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, ambapo mama yangu alibishana bei na Wajaluo walioleta samaki. Hakuna aliyejali ngeli. Lile jina la soko lenyewe lingekatwa kwa kalamu nyekundu, kwani sarufi inataka madaraja mawili, lakini samaki walinunuliwa na watu wakaagana kwa wema. Mpaka leo naamini Kiswahili kile kilistahili heshima zaidi ya tuliyokipa shuleni.

Shuleni tulitakiwa tuwe na methali. Insha ilisahihishwa kwa alama 40, na methali zilikuwa kama mbolea: ukizimwaga nyingi, mavuno yanaongezeka. Nilikuwa na daftari la kurasa 48 lililojaa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Dau la mnyonge haliendi joshi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Niliandika hayo nikiwa katikati ya vilima vya chai, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote niliyoyajua ni mto tuliovuka kwa gogo. Upwa sikuujua. Joshi nilidhani ni jina la mtu.

Hata nahau nyepesi zilinipa taabu. Jioni moja nilimwambia mama kwamba mzee jirani amekula chumvi nyingi. Akaacha kusonga obokima, akaniuliza ni nani aliyempa, na kama tayari amepelekwa hospitali. Nilipomweleza kwamba maana yake ni kuishi miaka mingi, alinyamaza kidogo, kisha akasema watu walioitunga lazima waliishi mahali penye chumvi tele. Sijapata mwalimu aliyenieleza nahau vizuri kuliko mama siku ile.

Aliyenionjesha utamu wa lugha yenyewe alikuwa Leonard Mambo Mbotela, redioni, katika kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" Alizungumzia tabia: jinsi ya kubisha hodi, jinsi ya kukaa mbele ya wakubwa. Tata alisikiliza akitikisa kichwa kukubali, na kila kipindi kilipoisha alisema neno moja, chinsoni, yaani ile haya na heshima inayopanga nani aketi wapi na nani asitaje nini mbele ya nani. Ungwana nikauelewa bila kamusi.

Upwa ulinisubiri hadi nilipopata kazi Mombasa, nikiwa na miaka 26. Mwenzangu wa kazini alinipeleka Shimoni wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali sana. Wanawake walikuwa wameinama huku na huku juu ya miamba, wakichokoa mashimo kwa vijiti, na mmoja akamvuta pweza. Nilimuuliza atamfanya nini. "Kitoweo," akasema, "sitaki kula wali mtupu." Alisema hivyo tu, akaendelea kuinama. Nilisimama pale miguu ikizama mchangani, daftari langu la kurasa 48 likinijia lote kichwani, na nikahisi machozi.

Desemba iliyopita nilirudi Nyamira na binti wa ndugu yangu, mwenye miaka saba, mzaliwa wa Nairobi. Kwao baba ni baba na mama ni mama, kama mwalimu wangu alivyotaka. Siku hizi hata vijijini kwetu watoto wengi husema hivyo, na neno tata nalisikia zaidi midomoni mwa wazee. Tulipofika langoni nikaita kama ninavyoita tangu utoto, ile b ikipita laini bila midomo kubanana: "Baba!"

Mtoto akaangalia mlangoni, akimngoja babu yake, ambaye tulimzika kabla yeye hajazaliwa. Akatoka mama yangu, anajifuta mikono kwenye leso.

"Shangazi," akaninong'oneza, "baba yuko wapi?"

Nikamwonyesha.