Penseli za Rangi

Kaka yangu ni askari. Alirudi kwetu Buyenzi kutoka Somalia, ambako jeshi letu lilianza kupeleka vikosi mwishoni mwa mwaka 2007. Mwili ulikuwa mzima, lakini usiku alikesha na mchana hakusema neno. Wifi alidhani amechukiwa.

Chuo cha ualimu kilitufundisha kwamba mtoto asiyeweza kusimulia hofu yake huweza kuichora. Sikuwaza kwamba na mtu mzima huwa vivyo hivyo. Jioni moja binti yake alimpa penseli: "Baba, nichoree ulikokuwa." Akachora barabara, kisha gari, kisha akaijaza karatasi nzima weusi. Machozi yakamtoka. Nilitaka kuiondoa karatasi ile. Wifi akanizuia, akaketi kando yake kimya.

Tangu hapo huchora kila Jumapili, na maneno yameanza kufuata. Juzi alichora Ziwa Tanganyika na mitumbwi yake. Daktari bado anamtazama, maana penseli haitibu yote. Lakini, ndugu msomaji, ukimwona wako anachora, usimcheke wala usimhoji. Keti karibu naye. Mficha maradhi, kilio humfichua.