Karela

Mimi nalizaliwa katika nyumba ya wali. Mchana wali, usiku wali. Mboga ilikuwa kitoweo kidogo tu. Hata baba alipopatwa na kisukari, daktari akamwamuru apunguze wali, mihogo na mkate. Baba akanung'unika, "Sasa nile nini? Majani, kama mbuzi?"

Mama hakujibu. Kesho yake akarudi sokoni na matunda mawili ya kijani, yenye matuta kama mgongo wa mamba. Wahindi huyapenda sana, nao huyaita karela. Huchumwa yangali mabichi, maana yakiiva hugeuka manjano na kupasuka. Akayapasua, akakomba mbegu, akayakata vipande vyembamba, akavisugua kwa chumvi, akaviacha vitoe maji yake machungu. Kisha akaviosha, akavikaanga kwa vitunguu na nyanya, akaviandaa pamoja na samaki wa kupaka. Sinia ya wali haikuletwa.

Nalionja kwanza mimi. Lo! Uchungu ulinikunja uso kama mwarobaini. Nalitaka kutema, lakini baba alikuwa akinitazama, nikameza. Kipande cha pili hakikuwa kichungu sana, au labda ulimi ulikwisha kuzoea. Baba naye akatia mkono, akatafuna polepole, asinene neno. Alipomaliza akamwuliza mama, "Vimebaki?"