Gari Likishaondoka

Kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kisheria kama mofini, lina kufuli mbili, na funguo zake hazikai kwa mtu mmoja. Mfamasia anashika mmoja, Sista anashika wa pili, kwa hiyo asubuhi gari haling'oki mpaka wote wawili wafike. Siku niliyokwenda mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mfamasia akachelewa, na timu nzima ikakaa kwenye benchi la saruji mbele ya dirisha la dawa, ikinywa chai ya rangi na kulaani barabara. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Kama mtu mmoja angelifungua kabati lile peke yake ili tuwahi safari, ningeaga hapohapo.

Mofini ya kunywa haina cha kumtisha mtu ukiiona. Ni unga uliochanganywa na maji pamoja na dawa ya kuuzuia usiharibike, ukatiwa kwenye chupa ya plastiki ya mililita 500. Mfamasia aliinua chupa usawa wa macho, akaangalia mstari wa ujazo, akaandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu: tarehe, namba ya mgonjwa, kilichotoka, kilichobaki. Sista akasaini pembeni. Nguvu yake ni miligramu 5 kwa kila mililita 5, hesabu ambayo hata asiyemaliza darasa la nne haimsumbui. Kampala, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, huitia rangi kabisa: kijani kwa hii ya kawaida, waridi kwa iliyo kali mara 10, bluu kwa iliyo kali mara 20. Bibi asiyejua kusoma hawezi kukosea chupa.

Nilikuwa pale kwa sababu ya shangazi yangu. Madaktari walishawaambia watoto wake kwamba saratani imesambaa na dawa za kuiua hazitamsaidia tena, arudi nyumbani apate tiba shufaa. Binamu yangu, aliye Dar es Salaam, alikuwa ameshapata vituo viwili, akanituma nikavichungulie kwa kuwa mimi "ni mwandishi, najua kuuliza". Akanitumia na maswali yake kwa WhatsApp. Vyumba viko vingapi? Chakula gani? Wanapokea bima? Kuna jenereta?

Kituo cha kwanza, cha mjini, kilijibu maswali hayo yote vizuri sana. Vigae vilimetameta, pazia zilikuwa mpya, na mhasibu alinipokea kabla ya muuguzi. Nikaomba kuonyeshwa wanakotunza mofini. Nikaambiwa ikihitajika huagizwa. Huagizwa kutoka wapi, na inafika baada ya saa ngapi? Hapo tukaanza kuzungushana. Nilirudi jioni ya siku hiyo bila taarifa. Baada ya saa 12 aliyebaki alikuwa mlinzi na msichana wa usafi, na muuguzi "alikuwa njiani". Nikauliza kama mwaka huo kuna jambo lolote lililowaendea vibaya. Meneja alinihakikishia kwamba hawajawahi kupata tatizo.

Hiki cha pili, cha hospitali ya misheni, chenye kabati lile la kufuli mbili, hakina hata kitanda kimoja. Kina vyumba viwili, Land Cruiser moja kuukuu, wauguzi watatu, daktari mmoja anayegawana muda na wodi ya wanaume, na wahudumu wa jamii waliotapakaa vijijini. Wagonjwa wako majumbani kwao. Tuliacha lami ya barabara ya Arusha–Moshi, tukapanda katikati ya migomba na kahawa, dereva akiuma meno kila tulipofika kwenye makorongo. Sista alikaa mbele na sanduku la dawa mapajani. Ana uzoefu kuliko daktari wake, lakini cheti cha mofini katika timu hii lazima kiandikwe na daktari. Uganda ilibadilisha kanuni zake mwaka 2004, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea fani hii kuiandika wenyewe. Nilipolitaja jambo hilo Sista alisema tu, "Wale wenzetu waliona mbali," kisha akamwelekeza dereva kona.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Watu wa fani hii huchukia kuizungumzia harufu yake, nami sitaisema zaidi ya hivi: majirani walikuwa wameacha kuingia ndani, wanamsalimia dirishani. Sista aliingia, akampa shikamoo mama mkwe aliyekuwa sebuleni, kisha akaenda moja kwa moja akaketi kitandani. Hakuketi kwenye kiti alichopewa. Aliketi kitandani, nyonga yake ikigusana na miguu ya mgonjwa.

"Mama, siku hizi tatu maumivu yamekuwaje? Nionyeshe kwa mkono."

Binti wa mgonjwa akadakia, "Hajambo, Sista, analala vizuri tu." Sista hakugeuka. Alikunja ngumi yake akaiinua: hii hakuna maumivu. Akafungua vidole vyote vitano: haya ndiyo makali kuliko yote. Akangoja. Mama alitoa mkono kwenye shuka, akakunjua vidole vitatu, akatulia, akaongeza cha nne. Binti akainamisha kichwa. Tukaja kugundua kwamba dawa ya saa 4 usiku, ambayo hutolewa maradufu ili mgonjwa avuke usiku bila kuamshwa, ilikuwa inatolewa kijiko kimoja tu. Mama mkwe alikuwa amesikia kanisani kwamba mofini inawahisha kifo, akaamua kuipunguza kwa wema.

Maswali yale si ya Sista mwenyewe. Yametoka kwenye kipimo kilichotengenezwa na Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye maswali 10: 7 ya mgonjwa, 3 ya anayemuuguza, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 5. Maumivu ni swali la kwanza tu. Yanafuata mengine: una wasiwasi kiasi gani juu ya ugonjwa wako, umeweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, unaona maisha yana maana, una amani? Huyu mama, aliyetoa vidole vinne kwa maumivu, kwenye wasiwasi alitoa vyote vitano kabla swali halijaisha. Alikuwa na shamba la kahawa lenye mgogoro na shemeji, na watoto wadogo wawili. Sista akaandika, akampigia simu mtu wa msaada wa kisheria palepale, wakapanga siku. Nimeona fomu za namna hii zikijazwa ofisini, zikafungwa kwenye faili, ripoti ikapendeza. Hapa swali lilizaa simu mgonjwa akiwa anasikia.

Kidonda cha saratani ile kilisafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kisha Sista akasaga vidonge vya Flagyl kati ya vijiko viwili, akaunyunyiza ule unga kwenye kidonda ili kuua vijidudu vinavyoleta harufu, huku binti akitazama maana kesho yake ni zamu yake. Kwa choo kigumu, ambacho mofini haikosi kukileta, palikuwa na vidonge, na vidonge vikiisha kuna mbegu za papai zilizokaushwa na kutwangwa, kijiko cha chai usiku. Mama mkwe alifundishwa upya. Hakukaripiwa. Sista alimwuliza: "Mama, mtu akilala kwa sababu maumivu yamemwachia, huo ni usingizi au ni kifo?" Wakajadiliana muda mrefu, kwa Kimeru, na sikuambulia neno.

Tulikaa pale kwa muda wa saa moja. Wiki ina saa 168. Timu ikija mara moja, saa 167 zilizobaki ni za binti na mama mkwe, na mimi sioni namna nyingine ya kupima watu hawa isipokuwa kuuliza wameacha nini katika saa hizo. Je, familia inajua dozi ikichelewa ifanye nini? Inajua kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulalia? Saa 8 usiku pumzi ikibadilika, wampigie nani, na huyo mtu atapokea? Marekani, ambako hospisi ni biashara kubwa yenye kampuni nyingi za kutafuta faida, familia hutumiwa dodoso baada ya msiba, na moja ya maswali ni kama walipata msaada jioni, wikendi na siku za sikukuu. Matokeo hutangazwa na serikali. Sisi hatuna jedwali la namna hiyo, kwa hiyo mtu inabidi apande gari.

Nikaomba kuiona simu ya usiku. Ni kitochi, kimefungwa mpira wa pesa mgongoni kwa sababu mfuniko ulipotea. Wauguzi wanapokezana kila Jumatatu. Familia hazina vocha, zinabipu, na sheria yao ni kwamba anayebipu hupigiwa. Sista alinipa nisome mwenyewe. Kulikuwa na simu iliyokatika saa 8 na dakika 10 usiku wa kuamkia jana, na juu yake simu iliyotoka saa 8 na dakika 13. Ilikuwa ya mzee mwenye saratani ya umio, ugonjwa unaosumbua sana ukanda huu wa kaskazini. Alikuwa amekabwa na uji. Dakika tatu zile zilinishawishi kuliko vigae vyote vya mjini.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya msiba. Mgonjwa alizikwa wiki iliyotangulia, turubai limeshaondolewa, na bado watu walikuwa wakija kuhani. Sikutegemea timu ingekwenda. Mgonjwa ameshafariki, mafuta ya gari ni ghali. Tulikaribishwa, tukapewa loshoro, Sista akakaa na mjane wakazungumza habari za marehemu, siku yake ya mwisho, alivyotaka anyolewe ndevu. Kisha, bila kubadilisha sauti, akaomba chupa.

Mjukuu, kijana wa darasa la saba, aliileta pamoja na daftari la shule. Ndiye aliyekuwa mtunza dawa. Alikuwa amechora mistari kwa rula: saa 12, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku, na vema ya kalamu ya bluu kila dozi ilipotolewa. Dozi za ziada, maumivu yalipozuka kati ya saa na saa, aliziandika kwa nyekundu. Sista alipiga hesabu kwa sauti ili mjane asikie: mililita 30 kwa siku, siku 9, ni 270, za ziada 3, ni 15, jumla 285. Katika 500 inatakiwa ibaki 215. Akapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, bomba baada ya bomba. Ikatoka 210. Kijana akasema zile 5 zilimwagika siku ya kwanza, alipokuwa bado hajauzoea mfuniko. Sista akaandika "5 zilimwagika", mjane akaweka dole gumba, na chupa ikarudi kwenye sanduku kwenda kule kwenye kufuli mbili. Kisha akamwambia kijana kwamba hata hospitalini kuna madaftari yasiyofikia hilo lake. Si maneno ya kumfurahisha mtoto tu. Nimeyaona ya hospitali.

Kasoro zipo, na Sista alizitaja kabla sijamaliza swali. Jumapili gari halitoki. Mwaka huu mzee mmoja alikaa Jumamosi hadi Jumatatu mpira wa mkojo ukiwa umeziba. Simu ilipokelewa, ushauri ukatolewa, lakini ushauri hauzibui mpira. Sasa wamemfundisha mhudumu mmoja wa jamii kuuzibua, na wanaomba pikipiki. Wameomba kwa muda mrefu. Daktari akiwa likizo, cheti cha mofini huzunguka wodi nzima kutafuta sahihi. Na huduma kwa watoto wagonjwa, alikiri, ni dhaifu; hakuna aliyesomea. Nilipolinganisha na yule meneja ambaye hajawahi kupata tatizo, uamuzi wangu ulikuwa umeshapatikana.

Nilimpigia binamu nikiwa bado kwenye gari. Aliuliza kuhusu vitanda, nikamwambia hakuna. Akauliza kama nina akili timamu. Nikamweleza habari ya kufuli, vidole, kitochi, daftari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nani hasa atampa mama dawa. Sisi, nikasema. Hapo ndipo ugomvi wa kweli wa ukoo ulipoanza, ukaendelea siku mbili kwenye kundi la WhatsApp: nani ahamie kijijini, nani atoe nauli, na kama kaka mkubwa aliye ng'ambo anaweza kuhesabiwa kuwa ameuguza kwa kutuma pesa. Mdogo wetu wa kike ndiye aliyejitolea mwishowe, kwa masharti.

Sista alitaka vitu vitatu tu kwa kuanzia: nakala ya majibu ya hospitali, mtu atakayeuguza afike Ijumaa saa 3 asubuhi kufundishwa, na namba mbili za simu za watu wanaolala nyumba moja na shangazi. Binamu akamtumia yake. Sista akaikataa, akasema hataki ya mtu wa Dar.